Mbwa wa Bure na Nusu Inchi

Mbwa alikuja bure, na hapo ndipo Fundi alipotakiwa kushtuka. Miaka thelathini na moja nyuma ya cherehani ilikuwa imemfundisha kwamba kitambaa cha bure kina tundu, uzi wa bure umeoza, na mteja anayesema "nitakulipa na zawadi juu" hana hata nauli ya kurudi kwake. Lakini siku ile mumewe aliingia na boksi la sabuni kifuani, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu astaafu, na Fundi alikuwa na pini nne mdomoni. Alipomaliza kuzitoa ili aseme hapana, mbwa alikuwa ameshakojolea mfuko wa bitana.

"Nimepewa na kondakta wangu wa zamani," mumewe alisema. "Bure kabisa."

"Bure," alisema Fundi. "Haya."

Mtaani mumewe bado aliitwa Dereva. Alikuwa ameendesha mabasi ya masafa marefu maisha yake yote, mpaka macho yake yalipoanza kushindwa kuona mbali na kampuni ikampa cheti, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Watoto walikuwa wameshakwenda kwenye nyumba zao. Basi akabaki na kiti chake cha barazani, akikaa pale kama abiria ambaye hajaambiwa kwamba gari halitakuja. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa. Fundi aliliona hilo, lakini Fundi alikuwa na kazi, na mwenye kazi huona mengi akayaweka kando akisema atayarudia.

Dereva alimpa mbwa jina la Kondakta, kwa heshima ya aliyemtoa, na kwa sababu mgeni yeyote akifika mlangoni yeye ndiye aliyetangulia kumpokea na kumvuta nguo. Fundi alimwita Hasara. Mbwa aliitikia yote mawili, hasa sufuria ikifunuliwa.

Na kweli alikuwa hasara. Fundi hakuwa na mazoea ya kuhesabu kwa noti; yeye alihesabu kwa vitu vya kazi yake, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akivikosa. Dawa ya minyoo ilikula vifungo dazeni mbili. Unga wa viroboto, riili tano za uzi mweupe. Chanjo ya kwanza, zipu kumi na mbili ndefu, zile nzuri zisizong'oka meno.

"Ya pili ni baada ya wiki tatu," alisema daktari wa mifugo, mama mpole mwenye viatu vya mpira. "Halafu ya tatu. Halafu kichaa cha mbwa, hiyo ni peke yake."

"Kwani anasafiri kwenda ng'ambo?" Fundi aliuliza.

Daktari alicheka na kuandika tarehe kwenye kadi. Fundi hakuwa amefanya mzaha.

Kisha likaja suala la maziwa. Dereva, bila kumuuliza mtu, alimnunulia mbwa maziwa ya ng'ombe kila asubuhi kwa wiki nzima, kwa sababu mtoto ni mtoto. Mtoto akaharisha, tena si nje. Daktari akasema maziwa ya ng'ombe humsumbua mbwa tumboni, apewe uji mzito wenye nyama na maji safi basi. Yaani walilipa ili aharishe, kisha wakalipa ili aache. Fundi alilieleza jambo hilo kwa kila mteja aliyekuja wiki ile, hata waliofuata kupunguziwa suruali tu.

Uzio ulikuwa na tundu, ukazibwa. Mbwa akachimba jingine chini yake, likanunuliwa tofali. Alale wapi? Kwenye boksi. Akalila boksi. Alalie nini? Gunia. Gunia linamwasha, alisema Dereva, na siku ya pili Fundi akalikuta blanketi lake la harusi, lile la maua, limetandikwa chini ya meza ya kukatia. Tuseme nini tena? Daktari alisema ni meno yanaota, mbwa atatafuna mpaka afikishe miezi sita au saba, apewe kitu chake cha kutafuna. Akapewa mfupa mkubwa wa buchani. Akaupeleka nje, akauzika kwa uangalifu, akarudi ndani kuutafuna mguu wa meza.

Haya yote Fundi angeyameza. Lakini mwezi uleule ndio alioipata kazi ya hospitali.

Ilikuwa kazi ya magauni thelathini na sita ya wauguzi. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Metroni mwenyewe, mama mnene asiyepoteza maneno, alikuwa amemwambia waziwazi: magauni yakiwakaa vizuri, hospitali itampa mapazia, mashuka, nguo za chumba cha upasuaji, kila mwaka. Yasipowakaa, kazi itakwenda kwa mafundi wa barabarani wenye mashine za umeme. Kwa Fundi maana yake ilikuwa moja: kibanda cha kupangisha pale barabarani, chenye kioo na taa, na chumba chake cha kulala kirudi kuwa chumba cha kulala. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilala na vipande vya vitambaa mpaka juu ya mto wa kichwa. Alikwenda hospitali asubuhi moja na tepu yake shingoni, akawapima wauguzi wote kwenye ujia wa wodi, mmoja baada ya mwingine, akayaandika yote kwenye daftari.

Siku aliyotaka kuanza kukata, mbwa aliula mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu. Hakuutafuna, aliula, na kilichobaki ni kichuma cha kuungia. Nusu siku ikapotea kutafuta mkanda mwingine. Fundi aliporudi alisimama katikati ya chumba, mkono kiunoni.

"Mzee, nisikilize vizuri. Kitu kimoja tena. Kimoja tu, hata kama ni sindano. Mfuga kuku wa kule kona anatafuta mbwa wa kulinda mabanda yake, na namba yake ninayo."

"Ni mtoto, mama," alisema Dereva.

"Na mimi ni mama wa wanne. Hakuna aliyekula cherehani."

Dereva alimbeba mbwa akatoka naye. Kwa wiki mbili baada ya hapo kukawa na utulivu wa ajabu. Hakikuharibika kitu. Dereva alianza kumtembeza mbwa asubuhi na alasiri, mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi, na Fundi alikata na kushona kwa raha. Kwenye ubavu aliacha nafasi ya mshono pana kama kawaida yake, inchi moja na nusu kila upande. Mafundi wenzake walimcheka kwa tabia hiyo, wakisema anashona magunia ndani ya magauni. Yeye aliwajibu kwamba watu hunenepa, nguo hainenepi.

Siku ya Jumanne, yakiwa yameshonwa magauni ishirini na matatu na yaliyobaki yameshakatwa, Metroni alikuja na wauguzi wawili kujaribisha. Kazi ilitakiwa Ijumaa, kwa sababu kulikuwa na wageni wa kukagua hospitali. Wa kwanza kuvaa alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, dada aliyejaa mwili. Gauni liliingia kwa kusukumwa. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma.

"Vuta pumzi," alisema Fundi.

"Nimevuta tangu lilipopita mabegani, mama."

Fundi akavuta, akaachia, akavuta tena. Halafu akasema kile ambacho fundi yeyote mwenye heshima yake angesema.

"Umenenepa."

"Kwa wiki tatu?"

"Wiki tatu ni nyingi. Hospitali kuna chai, kuna vitafunio. Njoo nikupime uone mwenyewe." Akafungua daftari: kifua, thelathini na nane. Akazungusha tepu. Thelathini na nane na nusu. "Umeona? Tepu haina undugu na mtu."

Yule dada akanywea. Wa pili alikuwa mwembamba wa kuhurumiwa, na lake nalo likambana kifuani mpaka akashindwa kuinua mikono. Daftari lilisema thelathini na mbili. Tepu ikasema thelathini na mbili na nusu.

"Na wewe umeongezeka," Fundi alisema, ingawa safari hii sauti ilipungua kidogo.

"Mama, mimi nimetoka kuumwa. Nililazwa wodini kwangu mwenyewe! Nimekonda mpaka saa inanivuka mkononi."

Metroni, aliyekuwa amekaa juu ya kiti cha wateja akimzuia mbwa kwa mguu asile mkoba wake, akasimama. "Hebu nipime na mimi."

Daftari: arobaini na mbili. Tepu: arobaini na mbili na nusu.

Metroni aliitazama tepu, halafu akamtazama Fundi juu ya miwani yake. "Mama Fundi, wagonjwa watatu wakiwa na homa ileile mpaka nukta, mimi sitibu wagonjwa. Nabadilisha kipimajoto."

Fundi aliitandaza tepu juu ya rula ya mbao iliyopigiliwa ukingoni mwa meza. Moja ya tepu haikukutana na moja ya rula. Ilikutana na nusu. Akakisogeza machoni kile kibati cha mwanzoni mwa tepu. Kilikuwa kimebanwa vizuri, kikanyooshwa kwa koleo, kikagongwa kidogo kidogo kisiache makunyanzi. Lakini juu ya bati kulikuwa na vishimo vinne vya meno madogo.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliwapima wauguzi kwa tepu nzima, kisha akakata vitambaa vyao kwa tepu iliyoliwa nusu inchi kichwani. Kila kipande kilikuwa kimepungua nusu inchi, na gauni moja lina vipande vinne kuzunguka mwili. Inchi mbili, mara thelathini na sita. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa chini ya meza kikitikisa mkia.

Aligeuka. Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama yeye, kila mmoja akimwachia mwenzake aseme.

Metroni alikusanya mkoba wake. "Ijumaa saa nne," alisema. "Siwezi kuisogeza, dada yangu. Ningeweza ningeisogeza." Wakaondoka.

"Lini?" aliuliza Fundi.

"Kesho yake," alisema Dereva. "Kesho yake ya ule mkanda. Nilikuta ameshaila ile ncha. Kibati nilikikuta kimeanguka, nikakirudisha."

"Ukakirudisha."

"Nilidhani ncha tu haina neno."

"Ncha tu! Mzee, tepu ni ncha! Huko kwingine kote ni utepe tu wenye namba!" Aliitupa juu ya meza. "Na ulivyokirudisha vizuri! Ungekuwa na mikono mibaya ningeona. Umeona wapi mtu anaharibu kazi ya mkewe kwa ufundi?"

Dereva aliichukua tepu, akaikunja.

"Wewe," Fundi alisema. "Wewe ulipogonga ukingo wa daraja ulikuja kuniambia mimi kabla hujamwambia tajiri. Kila mkwaruzo wa basi uliuleta nyumbani. Leo unanificha nusu inchi?"

"Ulisema kitu kimoja tena," alisema Dereva. "Na namba ya simu unayo."

Fundi alichukua simu na, mbele yake, akampigia mfuga kuku. Aje Jumamosi asubuhi, aje na kamba. Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akavuta kiti chake cha barazani mpaka ndani, kando ya cherehani, akakaa, akanyoosha mkono.

"Nipe wembe. Nitafumua."

"Kwa macho gani?"

"Mbali ndiko kunakonishinda. Karibu naona."

Kilichowaokoa ni ile nafasi ya mshono waliyoicheka wenzake. Ubavuni kitambaa cha kutosha kilikuwepo, mabegani kilitosha kwa kubembeleza. Yaliyokatwa tu alama za chaki zingesogezwa. Yaliyoshonwa yote ishirini na matatu ilibidi yafumuliwe. Jumatano na Alhamisi walikaa bega kwa bega, Dereva akifumua, mkewe akishona upya, mbwa amefungwa kwenye mguu wa kabati na mfupa wake uliofukuliwa. Alikuwa mzito mwanzoni. Alijikata kidole mara mbili, akakifunga kwa kipande cha bitana ili asichafue kitambaa cheupe. Kufikia mchana wa pili nyuzi zilikuwa zikiruka.

Na alikuwa akiongea. Fundi hakujua yalianzia wapi. Alikuwa akimsimulia mbwa, si yeye: habari za mto uliokata barabara, abiria hamsini wamelala ndani ya basi siku mbili, mama mmoja akajifungua kwenye kiti cha nyuma na mtoto akapewa jina la basi. Fundi alisimamisha gurudumu.

"Mbona hii hujawahi kunisimulia?"

Dereva alivuta uzi, akauviringisha kidoleni. "Nilikuwa narudi, nakukuta unashona. Huyu hana kazi. Ananisikiliza."

Alisema bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Fundi alikanyaga pedali na kushona ubavu mzima bila kuona vizuri alikopita. Ikabidi ufumuliwe tena.

Ijumaa saa nne kasoro robo walifikisha magauni yote thelathini na sita. Dada wa wodi ya watoto alivuta zipu kwa vidole viwili na kuzunguka ujiani mara mbili. Metroni alipitisha mkono kwenye mishono, akageuza upande wa ndani, akakuta alama za mshono wa zamani, akaligeuza tena gauni. Halafu akasema Jumatatu Fundi aje apime madirisha ya mapazia, na aje na tepu mpya.

Jumamosi asubuhi mfuga kuku alifika na kamba. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye manyoya mawili ya kuku kwenye sweta. Dereva alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu bila kuambiwa. Mbwa alikuwa ameogeshwa. Pembeni yake kulikuwa na sahani yake ya bati, ule mfupa, na kadi ya chanjo ndani ya bahasha ili isilowe. Dereva mwenyewe alikuwa amesimama kando ya ukuta, kile kidole chenye bitana kikiwa kimenyooka peke yake, akitazama barabarani ambako hakuona kitu.

"Huyu ndiye?" mfuga kuku aliuliza. "Mzuri. Nimchukue?"

"Mchukue," alisema Fundi. "Ukishanirudishia gharama zangu."

"Gharama? Mama, si ulisema bure?"

"Alikuja bure. Tangu hapo hajafanya kitu cha bure hata kimoja." Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Dawa ya minyoo, vifungo dazeni mbili. Viroboto, riili tano. Chanjo ya kwanza, zipu kumi na mbili. Ya pili nimekwishalipa, na ya tatu ni wiki ijayo. Maziwa wiki nzima. Dawa ya kuzuia hayo maziwa. Tofali. Blanketi langu la harusi, hilo sijui utalipaje. Mguu wa meza. Mkanda wa cherehani wa ngozi na nusu siku ya kuutafuta. Nusu inchi ya tepu, na hiyo, kaka yangu, ni siku mbili za watu wawili."

Mfuga kuku aligeuka kumtazama Dereva kutafuta msaada, lakini Dereva alikuwa akimtazama mkewe.

"Kwa hesabu hiyo nanunua ng'ombe!"

"Kanunue ng'ombe. Atakulindia kuku."

Mtu yule aliviringisha kamba yake, akasema maneno kuhusu watu wanaoita wenzao asubuhi kuwachezea, akaondoka. Mbwa alimsindikiza mpaka kwenye uzio, akarudi na unyoya mdomoni.

Fundi aliingia ndani, akaketi mbele ya cherehani ingawa hakukuwa na kazi siku ile. Kiti cha Dereva kilikuwa bado pale kando. Hakukirudisha barazani.

"Sikiliza, Mzee," alisema bila kugeuka. "Akila kitu, niambie. Nitapiga kelele. Nitapiga kelele mpaka majirani watoke, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo na wewe unanijua. Lakini niambie. Umesikia?"

Nyuma yake akasikia Dereva akienda kwenye kabati la chumbani, akiinua kitu cha juu kabisa, akikitoa kwenye gazeti. Akaja, akakiweka taratibu juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa kiatu cha Fundi cha kushoto, kile cheusi cha kutokea, alichokuwa akikitafuta tangu mwisho wa mwezi uliopita. Kisigino hakikuwepo.

Fundi alikitazama kiatu. Akamtazama mbwa. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama wima kama siku ile ya ukingo wa daraja. Akavua miwani, akajifuta uso kwa kitambaa cha bitana.

"Kalete na vingine," alisema.

Dereva alirudi kabatini mara tatu.